Sukari ya miezi mitatu: bima ya umma ilipie, au tushughulikie presha kwanza?

Mleta mada, Umoja

Swali langu ni moja. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki ya umma hapa Nairobi, je, apimwe sukari ya miezi mitatu, ile HbA1c inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita, angalau mara mbili kwa mwaka, na bili ibebwe na bima ya umma? Mimi nasema ndiyo.

Mama yangu ana miaka 63. Kadi yake ya kliniki iko hapa mezani, imekunjwa mara nne na pembeni ina doa la chai. Januari 6.2. Februari 5.9. Machi 6.8. Aprili 6.1. Kila mwezi alidungwa kidole, akaambiwa "Mama, endelea hivyo hivyo," akapewa metformini yake, akapanda matatu akarudi nyumbani. Mei akaanza kulalamikia kiungulia na uchovu, akawa anapumzika katikati ya ngazi kabla ya kufika ghorofa ya pili. Kifua hakikumuuma, kwa hiyo tukamnunulia dawa ya tumbo. Kumbe ni moyo. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva, na mshtuko wa moyo unaweza kuja bila yale maumivu tunayoyatarajia.

Hospitalini ndipo walipompima ile ya miezi mitatu. Asilimia 10.4. Ukiigeuza iwe lugha ya glukomita, ile mashine ya kudunga kidole, huo ni wastani wa karibu 14, usiku na mchana.

Nilimuuliza ilikuwaje kadi iwe nzuri hivyo. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, nilikuwa naogopa kukaripiwa." Siku mbili kabla ya kliniki alikuwa akiacha chapati na mandazi, anakunywa chai ya rangi bila sukari, asubuhi yake haonji kitu. Akishatoka kliniki, anarudia chakula chake cha kawaida. Glukomita ilisema kweli, ila ilisema kweli ya saa moja tu.

Kile kipimo kingine hakidanganyiki hivyo. Sukari ya damu hushikamana na himoglobini iliyo ndani ya chembe nyekundu, na chembe hizo huishi takriban siku 120. Huwezi kufuta miezi mitatu kwa kushinda njaa siku mbili. Na moyo unaifuata namba hiyo: uchambuzi wa UKPDS, utafiti mkubwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kila ilipokuwa chini kwa pointi moja, mishtuko ya moyo ilikuwa pungufu kwa asilimia 14. Utafiti wa Norfolk, Uingereza, wa mwaka 2004 ulikuta hatari ya moyo ikipanda pamoja na namba hiyo hata kwa watu ambao hawajaambiwa wana kisukari.

Mimi nililipa shilingi 2,000 mfukoni. Mama hangeweza. Sheria ya bima ya afya ya jamii ya mwaka 2023 imeweka hadi mfuko wa dharura na magonjwa sugu. Kama kisukari si ugonjwa sugu, ni upi?

Nesi wa kliniki ya kisukari, Eastlands

Pole sana kwa yaliyompata mama. Nasoma kadi kama hiyo kila wiki, na hilo la kukaripiwa limenigusa, kwa sababu kuna siku nimekaripia.

Lakini sikubaliani na mpangilio wako. Presha ya mama ilikuwa ngapi? Umetaja sukari mara nne, presha hata mara moja. Katika UKPDS hiyo hiyo, wagonjwa waliodhibitiwa presha vizuri walipungukiwa na viharusi kwa asilimia 44, na vifo vinavyotokana na kisukari kwa asilimia 32. Matokeo ya sukari yalipotoka mwaka 1998, faida kwa moyo ilikuwa bado haijathibitika sawasawa. Ilikuja kuonekana wazi mwaka 2008, baada ya kuwafuatilia watu hao miaka kumi zaidi. Na kule Denmark, katika utafiti wa Steno-2, walichukua watu 160 tu. Nusu yao wakatibiwa kwa pamoja sukari, presha, kolesteroli na mwenendo wa maisha, na matukio ya moyo na mishipa yakapungua kwa karibu nusu.

Sasa njoo kwetu. Mwezi uliopita dawa ya presha iliisha siku ya kumi na mbili. Niliwaandikia wagonjwa wakanunue duka la dawa, na najua wangapi walipita tu wakaenda nyumbani. Ukinipa shilingi 2,000 kwa kila mgonjwa leo, sitazipeleka maabara. Nitanunua dawa ya presha na ya kolesteroli, na zikibaki nitanunua mikanda ya mashine ya presha, maana uliopo ni mmoja na hauwatoshi akina mama wenye mikono minene, unatoa namba za uongo.

Mtoto wa mgonjwa, Kawangware

Mimi naogopa namba kugeuka fimbo. Baba yangu, miaka 74, aliambiwa lazima ashuke chini ya asilimia 6.5 kwenye kipimo hicho cha miezi mitatu. Akaongezewa insulini. Usiku mmoja tulimkuta sakafuni ametota jasho, hatutambui, sukari ya kidole iko 2.1. Tulimtia asali kwenye fizi huku tunasubiri gari.

Baadaye nikasoma kuhusu utafiti wa ACCORD wa Marekani, watu zaidi ya 10,000. Kundi lililosukumwa lifike chini ya asilimia 6 lilipata vifo vingi zaidi, hadi matibabu hayo makali yakasimamishwa mapema, mwaka 2008. Kwa hiyo mkidai kipimo, daini pia mtu wa kukaa na mgonjwa amweleze lengo lake yeye ni lipi. Mzee wa miaka 74 na kijana wa 40 hawapewi lengo moja.

Fundi wa maabara, Ngara

Jambo moja ambalo halijatajwa. Kipimo hiki kinategemea chembe nyekundu ziishi umri wake wa kawaida. Mwenye selimundu (sickle cell) huzipoteza mapema, kwa hiyo namba inatoka ndogo kuliko hali halisi. Hata aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu na haumwi, kuna vipimo vinavyomsomea chini. Nairobi imejaa watu wenye asili ya Kisumu, Busia, Kakamega na Pwani, ambako kurithi huko ni jambo la kawaida. Upungufu wa madini ya chuma nao unaweza kuipandisha namba, na akina mama wengi wanao. Sisemi kiachwe. Nasema kikipingana na kidole, mtu asikimbilie kumwita mgonjwa mwongo. Kuna fruktosamini, inayotumia protini za damu badala ya chembe nyekundu, ingawa inaangalia wiki mbili tatu tu.

Mama mboga, Gikomba

Mimi nina sukari mwaka wa saba na hicho kipimo sijawahi kukisikia hadi leo. Bima nalipa. Hayo ya presha na sukari mtapanga nyinyi, lakini kwa nini hakuna aliyeniambia kwamba kipo?

Mleta mada, Umoja

Nesi, nimeirudia kadi. Presha imeandikwa mara mbili katika miezi minne: 158/94 na 162/90. Hakuna aliyeongeza dawa, na mimi mwenyewe nilizipita namba hizo nikitafuta sukari. Hapo umenishinda na nakushukuru. Nabadilisha ombi langu: presha kila hudhurio kwa mkanda unaotosha mkono, dawa isiyoisha katikati ya mwezi, na kipimo cha miezi mitatu mara mbili kwa mwaka. Lakini hicho cha tatu sikiachi. Dawa ya presha haingetuambia kwamba mama anajificha.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013, kwa hiyo barua naiandikia kaunti kuhusu mikanda na dawa, na mamlaka ya bima kuhusu kipimo. Ndugu wa Kawangware, sentensi yako ya lengo la kila mtu naiweka kama ulivyoiandika. Mama wa Gikomba, swali lako ndilo nitakalofungulia barua, ukiniruhusu.

Mama alipimwa tena Septemba kile kipimo cha miezi mitatu, sasa ni asilimia 8.1. Anarudi Jumanne, na tayari ameanza kukataa chakula cha jioni.

Nesi wa kliniki ya kisukari, Eastlands

Mwambie kipimo hicho hakihitaji mtu afunge. Ale jioni, na Jumanne asubuhi anywe chai yake kwanza ndipo aje.