Mkahawa wa familia kwenye jengo la kale: ukuta unabanduka, umeme unakata. Tuanzie wapi?

Kaunta_ya_Nyuma
Wakuu, habari zenu. Mkahawa wetu ni wa familia, uko chini kwenye jengo la kale katikati ya mji, yale majengo yanayolindwa kisheria. Kuta ni za mawe yaliyojengwa kwa chokaa, unene kama sentimita 50, na dari ni ya mbao. Ukuta wa nyuma ya kaunta unabanduka rangi kuanzia chini hadi usawa wa kiuno na kutoa unga mweupe, ingawa ulipigwa lipu mpya ya saruji na rangi ya plastiki. Halafu mashine ya espreso (grupu mbili, yaani vichwa viwili vya kutolea kahawa) ikiwashwa pamoja na oveni, breka inakata. Fundi mmoja anataka kupiga lipu nyingine yenye dawa ya kuzuia maji, wa pili anataka kufunga breka kubwa zaidi. Pesa inatosha kazi moja kwa sasa.

WayaNaBreka
Anza na umeme, na hiyo breka kubwa ikatae kabisa. Breka ipo kulinda waya, si mashine. Piga hesabu: mashine ya kilowati 4 kwenye volti 230 inavuta ampea 17 na ushee, oveni ya kilowati 3 inavuta 13. Jumla 30. Kama zote ziko kwenye waya mmoja wa milimita za mraba 2.5 wenye breka ya ampea 20, kukata ni haki yake. Ukiweka breka ya 32, haitakata tena, ila waya utapata joto ndani ya ukuta na juu yenu ni mbao kavu.

Mashine ipewe laini yake peke yake kutoka kwenye bodi kuu. Soma kwanza kibati kilicho nyuma au chini yake, kinaandika wati. Kwa kilowati 4, waya wa milimita za mraba 4 na breka ya ampea 20 au 25. Kama umbali ni mrefu, panda hadi milimita 6. Weka na kikata umeme unaovuja cha miliampea 30, na hakikisheni waya wa ardhi upo kweli, maana kwenye majengo haya mara nyingi soketi ina tundu la ardhi ambalo halijaunganishwa na kitu. Fundi apime pia uimara wa ngozi ya nyaya za zamani: ikisoma chini ya megaomu 1, waya huo utolewe. Zile za mpira hukatika vipandevipande ukizikunja.

Msichimbe ukuta kupitisha nyaya. Pitisheni kwenye paipu juu ya ukuta, na skrubu ziingie kwenye maungio, si kwenye jiwe lenyewe. Maungio yanazibika tena kwa chokaa, jiwe likipasuka ndiyo basi.

ChokaaTu
Nakubaliana na mkuu hapo juu kwamba pesa ianze na umeme, lakini kutafuta maji yanakotoka hakuna gharama, anzeni leo.

Huo unga mweupe ni chumvi. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa kupitia usoni. Saruji na rangi ya plastiki zimeuziba, kwa hiyo maji yanapanda kutafuta pengine pa kutokea, na chumvi inajijenga nyuma ya rangi mpaka inaisukuma. Ukiongeza dawa ya kuzuia maji, alama itahama kutoka kiunoni kwenda kifuani.

Kagueni nje: mfereji wa paa, bomba la kushusha maji, na usawa wa ardhi. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 au zaidi. Mkishaziba chanzo, ombeni kibali cha ofisi inayosimamia majengo hayo kabla ya kugusa lipu. Kisha itolewe kwa tindo na nyundo, taratibu, hadi sentimita 30 juu ya alama ya unyevu. Mashine ya kutoboa itabandua uso wa jiwe. Chumvi ipigwe brashi kavu na kuzolewa. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani.

Lipu mpya ni chokaa 1 kwa mchanga 3, mchanga safi wenye chembe kali, usiwe wa baharini. Kila tabaka lisizidi milimita 10, lifunikwe gunia bichi na kunyunyiziwa kwa siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kufyonza kaboni dayoksaidi ya hewani, na bila unyevu kazi hiyo haifanyiki: ikikauka kwa haraka inabaki vumbi. Malizieni kwa chokaa ya kupaka, nyepesi kama maziwa, mikono (matabaka) minne au mitano.

Nyuma ya mashine kunakorukiwa na maji msibandike vigae. Pigeni papi (vipande vyembamba vya mbao) za milimita 25, juu yake bati la chuma kisichoshika kutu, juu na chini pabaki wazi hewa ipite.

Zamu_ya_Asubuhi
Vuta kaunta uangalie mpira wa maji machafu wa mashine. Ukilegea katikati, unga wa kahawa unatuama hapo, unaziba, na maji yanamwagika kwenye kitako cha ukuta huohuo bila mtu kuona. Ushuke sentimita 2 kwa kila mita, na kila jioni umwagiwe lita moja ya maji ya moto. Kwa kuwa familia mnapokezana, andikeni jina la mhusika wa kila siku. Kazi ya namna hii kila mtu hudhani mwenzake kaifanya.

Moshi wa jiko nao msiuelekeze kwenye dohani la kale. Mafuta yanaganda ndani na kushika moto.

Kaunta_ya_Nyuma
Asanteni sana. Tunaweza kutoa lipu bila kufunga mkahawa?

ChokaaTu
Mnaweza, kipande cha mita moja na nusu kwa mara moja, baada ya kufunga jioni. Pazia la nailoni kutoka darini hadi sakafuni, na kinu cha kusagia kahawa kitolewe kabisa chumbani, kwa sababu vumbi la mawe linakula meno yake. Miwani na glavu ni lazima, chokaa mbichi inaunguza macho.