Rukia na timu ya Dar: gumzo la kikundi cha ukoo

Ami Kikwajuni: Assalaam alaykum jamaa. Leo tulimalize hili la Rukia kwenda Dar kuchezea timu ya mpira wa magongo. Kocha kanipigia tena, anataka jawabu kabla ya Ijumaa. Pa kulala papo, masomo ya jioni yapo, nauli ya boti wanatoa wao.

Baba Rukia: Waalaykum salaam. Jawabu nilishatoa. Mtoto wa kike wa miaka 18 hendi kulala kambi na watu nisiowajua.

Ami Kikwajuni: Nakusikia ndugu yangu. Lakini mchezo huu una heshima yake. Tanzania ilipeleka timu ya magongo Olimpiki ya Moscow 1980. India walitufunga 18 kwa bila, sawa, ila tulikuwepo. Mtoto mwenye mkono kama wa Rukia hatumpati kila siku.

Halati Wete: Shemegi mie niko upande wako. Bara hakuna stara. Huku kwetu kacheza na suruali yake ndefu na mtandio wake, hakuna aliyemsema. Kule watamvisha kisketi, mwisho tumuone kwenye simu za watu.

Mkoi Dar: Halati nakuheshimu, lakini hilo neno linaniuma. Mie naishi huku na mke na watoto. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ndiye aliyeniletea uji Ramadhani nzima nilipokuwa naumwa. Na kocha mwenyewe ni mtu wa Tanga. Ilimfikia kuwa familia imesema "bara wataharibu mtoto", akanyamaza tu.

Baba Rukia: Nani kampelekea?

Mkoi Dar: Ami, kikundi kina watu 40.

Shangazi Toronto: Nimesoma yote. Huku saa nane usiku na usingizi umeshakatika. Kaka, nikuhadithie kijana mmoja wa huku, Eric Lindros. Wake ni mpira wa magongo wa kwenye barafu, wanangu wamekua wakisikia habari zake. Yaliyowakuta wazee wake nayaona yanataka kutukuta na sisi.

Shangazi Toronto: Huku kijana hachagui timu, anachaguliwa. Mwaka 1991, naye ana miaka 18, timu ya Nordiques ya jimbo la Quebec ikamchukua wa kwanza kabisa. Akapewa jezi mbele ya watu. Kaishika mkononi, hakuivaa. Alishasema hendi Quebec, na nyuma yake wamesimama babake Carl na mamake Bonnie. Haikuwa mara ya kwanza. 1989 timu ya vijana ya Sault Ste. Marie ilimchagua, nako hakwenda, mpaka akahamishiwa Oshawa.

Ami Kikwajuni: Ikawaje?

Shangazi Toronto: Msimu mzima hakugusa ligi kubwa. 1992 wakamuuza timu ya Philadelphia, Marekani, kwa kundi la wachezaji na dola milioni 15. Lakini Quebec ni watu wa Kifaransa, na mwaka mmoja tu kabla hajachaguliwa, 1990, mapatano ya Meech Lake ya kuwatambua ndani ya katiba ya Kanada yalikuwa yamevunjika. Watu wana donda bichi. Anatokea kijana wa lugha ya Kiingereza kutoka jimbo la Ontario anasema siji kwenu. Wao walichosikia ni kuwa wanadharauliwa wao na lugha yao. Akienda kucheza kule anazomewa uwanja mzima. Baadaye kaeleza kuwa shida yake ilikuwa mwenye timu, si watu, na mke aliyekuja kumuoa ni Mfaransa wa huko huko Quebec. Lakini lile la mwanzo ndilo lililobaki vichwani mwa watu.

Mkoi Dar: Ndiyo maana nasema. Sote tunajua mambo ya Muungano yanavyochoma pande zote. Ami Baba Rukia kama ana shaka na timu hii, aitaje timu hii. Asiitaje bara nzima.

Baba Rukia: Dada, kwa hiyo unanambia wazee wale walikosea? Ninyamaze mwanangu achukuliwe?

Shangazi Toronto: Hapana kaka, usinielewe hivyo. Wazee wale walisemwa sana, kuwa wanaingilia kila kitu, wanamdekeza. Lakini lipo jambo ambalo walikuwa na haki nalo, nalo ni kichwa cha mtoto wao. Machi 2000 aligongwa akaendelea kucheza na mtikisiko wa ubongo. Aliposema hadharani kuwa watu wa tiba wa timu hawakuutambua, wakamvua unahodha. Mei akarudi uwanjani, mechi ya pili tu Scott Stevens wa timu pinzani akampiga bega la kichwa, akabaki kalala kwenye barafu. Msimu uliofuata hakucheza hata siku moja. Mdogo wake Brett alishaacha mchezo 1996, ana miaka 20, kwa maradhi hayo hayo.

Shangazi Toronto: Leo Ontario ina sheria ya mambo haya, ya 2018, na Lindros ni mmoja wa walioipigania. Inaitwa Sheria ya Rowan. Rowan alikuwa msichana wa miaka 17, mchezaji wa ragbi. Aligongwa, akacheza tena, akagongwa tena, akafariki.

Mama Rukia: Wifi, mwili wote umenisisimka. Jamani, tunazungumza sketi na boti. Mnakumbuka ule uvimbe wa Rukia juu ya jicho, akatwambia kagonga mlango? Jana mwenzake kanambia ulikuwa mpira, na ule mpira mgumu kama jiwe. Walimfungia barafu kwenye kanga. Usiku ule alitapika, mie nikidhani ni chakula. Jumamosi yake akacheza.

Baba Rukia: Rukia. Kweli haya?

Rukia: Shikamoo baba. Shikamooni nyote. Ni kweli. Kichwa kiliuma siku nyingi, hata mwangaza wa dirishani nikiukimbia. Mwalimu aliniuliza, nikamwambia nipo sawa, kwa sababu mkijua mtanikataza.

Rukia: Baba, nataka kwenda Dar. Suruali na mtandio nilishamwambia kocha, kasema hakuna neno. Hilo halijanitisha. Ninachoogopa ni nikigongwa tena nani atanitoa uwanjani, maana mie mwenyewe sitotoka.

Halati Wete: Mwanangu wee. Mpelekeni hospitali kwanza. Hayo ya nguo yataningoja.

Baba Rukia: Asubuhi naondoka naye, Mnazi Mmoja. Kaka, mwambie kocha Ijumaa hapati jawabu. Muulize mchezaji akigongwa kichwa nani anamtoa, na nani anasema sasa arudi. Daktari au yeye kocha? Na mzazi anaambiwa siku ile ile au anasubiri mwenzake aje aseme?

Shangazi Toronto: Na wayaandike, kaka. Na akitolewa, harudi siku hiyo, hata akilia.

Ami Kikwajuni: Nimempigia sasa hivi. Kasema tangu aanze kufundisha hajaulizwa hilo na mzazi, wanamuuliza posho na mavazi. Anakwenda kuzungumza na viongozi wake. Anauliza kama utamruhusu aje Unguja mzungumze uso kwa uso.

Baba Rukia: Aje. Mwambie asitafute hoteli, afikie kwangu Jang'ombe. Na wewe mwanangu wa Dar, panda naye boti.