Naomba ushauri: kuhesabu mwezi wakati wa mawingu

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Tukuyu. Marehemu bibi aliniachia kazi ya mizizi: dawa ya kuvuta baraka huchimbwa mwezi ukikua, ya kuondoa nuksi mwezi ukipungua. Shida ni mawingu ya huku. Nimejaribu kufunga mafundo kwenye kamba, fundo moja kila usiku, lakini mzunguko ni siku 29 na nusu hivi, na kalenda ya ukutani huonyesha mwezi mpya siku moja au mbili kabla mwezi haujaandama. Juzi nilichimba nikidhani bado unakua. Alfajiri mawingu yakafunguka, nikauona umeshamegeka upande. Roho imeniuma sana.

Je, nihesabu kuanzia siku ya kalenda au ya kuandama? Na mizizi ile niitumie, au niirudishe ardhini?