GM ndiyo iliyoiua Saab, acheni kuwasingizia wahandisi wa Trollhättan

Wakuu, kila ikitajwa Saab, kampuni ya magari ya Sweden iliyokuwa na kiwanda mjini Trollhättan, hakosekani mtu wa kusema eti Waswidi walitengeneza magari ya ajabu ajabu, wanunuzi wakakimbia, kampuni ikafa. Uongo huu umetuchosha.

Hayo "maajabu" yalikuwa na sababu zake. Saab 92 ilianza kutoka kiwandani Desemba 1949 ikiwa na injini ya tu-stroki, silinda 2, cc 764, farasi 25 tu. Zilitosha, maana bodi lilichongwa na wahandisi wa kutengeneza ndege na halikupigana na upepo. Ndugu yake 96, cc 841, ndiyo aliyoendesha dereva wa rali Erik Carlsson akashika nafasi ya 2 kwenye rali ya East African Safari ya 1964, kwa tope la Kenya, Uganda na Tanganyika. Swichi ya ufunguo iliwekwa katikati ya viti ili goti la dereva lisivunjike kwenye ajali. Na 99 Turbo ya miaka ya sabini, farasi 145 kutoka lita 2, ilifungwa tabo (turbo, kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi) ndogo yenye vali ya kuachia msukumo wa ziada, ndiyo maana ilivuta mapema, injini ikiwa bado kwenye mizunguko ya chini, kwa gari la kwendea kazini kila siku.

Kisha General Motors (GM) wa Marekani wakanunua nusu ya kampuni kwa dola milioni 600, na mwaka 2000 wakachukua iliyobaki. Walifanya nini nayo? 9-5 ilitoka 1997, na bodi lilelile likauzwa zaidi ya miaka 10, huku BMW wakileta 5 Series mpya kabisa 2003. 9-3 ya 2003 ikaondolewa ule mlango mkubwa wa nyuma, kitu ambacho wateja wa Saab walikuwa wakinunulia gari. Toleo la steshen wagoni wakaliona 2005! Badala ya kuwapa wahandisi fedha, wakabandika nembo ya Saab kwenye Subaru Impreza wakaiita 9-2X, na kwenye mwili wa Chevrolet TrailBlazer wakaiita 9-7X. Huko ni kumtukana mteja usoni.

Sasa lile tope la oili ambalo mafundi wengi hulitaja wakisema "injini mbovu". Injini za Saab za B205 na B235 (lita 2 na lita 2.3) za hadi 2003 zilikuwa na bloku imara. Kilichokosewa ni mfumo wa kupumulia injini: mvuke haukutoka vizuri, na katalaizi (kisafisha moshi cha ekzosi) iko karibu na sampu (beseni la oili chini ya injini), inaipika oili. Ukiongeza oili ya kawaida na muda mrefu wa sevisi, unapata makaa meusi yanayoziba chujio la mnyonyo wa pampu. Taa ya oili inacheza gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta) na injini ya moto, tabo inaanza kulia, kisha beringi za konrodi zinaondoka. Mfumo ulirekebishwa mara kadhaa, na toleo lililotuliza mambo lilikuja 2004. Magari mangapi yalishakufa?

Mwenye 9-5 ya miaka hiyo, usiridhike kumwaga oili kwa juu juu. Shusha sampu, na kwa hilo bomba la mbele la ekzosi lazima lifunguliwe. Safisha chujio la mnyonyo hadi uone mwanga kwenye kila tundu, badilisha oringi ya bomba lake (ikikauka pampu inavuta hewa), funga seti mpya ya mipira ya kupumulia, weka oili ya sintetiki tupu na usivuke kilomita 8,000. Na gari likizima likipata moto kisha likawaka likipoa, angalia sensa ya krenki (inayosoma mzunguko wa injini) kwanza. Watu wanauziwa pampu za petroli bure kwa kosa hilo.

Tena kuna lile la Wachina, na hapa ndipo tunapokasirika kabisa. Desemba 2009, Saab ikiwa bado mikononi mwa GM, teknolojia ya 9-3 na 9-5 za zamani iliuzwa kwa BAIC, kampuni ya magari ya Beijing. Hakuna aliyelalamika. Spyker, kampuni ndogo ya magari ya Uholanzi, wakaichukua Saab mapema 2010. Aprili 2011 wauza vipuri hawajalipwa, mitambo ikasimama. Youngman, Wachina pia, wakaja na fedha mkononi, na safari hii GM wakakataa kuruhusu teknolojia yao itumike, kisa biashara yao wenyewe huko China. Tarehe 19 Desemba 2011 Saab ikaomba kufilisiwa na zaidi ya wafanyakazi 3,000 wakabaki bila kazi, katika mji ambao kiwanda hicho ndicho kilichokuwa kila kitu.

Kwa hiyo anayetaka kutetea hoja ya "magari ya ajabu" aje atuambie: ni uajabu gani uliozuia ile saini ya GM ya kuruhusu mpango wa Youngman 2011?