MJADALA: Bei za maduka Amu (Lamu) zipangwe na serikali? Mimi nasema hapana, na sababu zangu ni hizi

Assalam aleikum ndugu zangu wa Amu na visiwani, na nyinyi mlioko Mombasa na Uarabuni ambao kila mwisho wa mwezi mnapigiwa simu za unga. Jana baada ya alasiri tulikaa barazani tukabishana mpaka maghrib. Hoja ilikuwa bei ya vyakula imetuzidi nguvu, bas serikali ipange bei ya unga, mchele, sukari na mafuta ya kupikia, na duka litakalozidisha hata shilingi tano lifungwe. Karibu wote walikubali. Mimi nilikataa, nikaambiwa nimesoma uchumi mpaka nimesahau njaa, na kila nikifungua mdomo nakatizwa, kwa hivo nimeona nilete hapa kwa kirefu.

Kwanza hili la redio. Watu wanakasirika wakisikia mfumuko wa bei umeshuka na wana haki manake hakuna anayewaeleza maana yake. Oktoba 2022 ulikuwa asilimia 9.6, Oktoba 2023 ukawa 6.9, Oktoba 2024 ukawa 2.7. Mtu akisikia 2.7 anadhani bei zimerudi chini kumbe hazikurudi, zilipanda tena juu ya zile za mwanzo ila polepole. Chukua vitu vya shilingi 100 vya Oktoba 2021 uvipandishe mwaka kwa mwaka kwa asilimia hizo, Oktoba 2024 unavilipia kama 120. Sasa ustadhi wa madrasa ambaye mshahara wake haujaguswa miaka yote hiyo usimwambie hali imekuwa nafuu, hatakuelewa na yuko sawa.

Lakini kupanga bei ndio dawa? Njooni jikoni kwa jirani yangu anayepika mahamri. Bei yake ni kumi, ilikuwa kumi na bado ni kumi, kwa sababu watoto wa shule wanakuja na hiyo kumi mkononi na hawana nyengine. Juzi nilikaa nikamtazama akisukuma, donge limekuwa dogo, kwa unga wa kilo 2 sasa anatoa hamri kumi zaidi ya zamani, iliki anatia ya kunusia tu na tui ni jepesi. Hakuiba mtu. Amefanya hesabu ya kubaki na kitu cha kununua unga wa kesho. Sasa nyinyi mnaotaka bei ipangwe, hapo mtapanga nini? Bei iko palepale, kilichoondoka kimeondoka ndani ya donge.

Na mwenye duka ni vivyo hivyo. Mfuko wa sukari unapakiwa Mombasa, lori linapita Malindi, Garsen, Witu, zaidi ya kilomita 300, linafika Mokowe, unateremshwa, unaingia kwenye boti, unavuka, unateremshwa tena, hamali anautia juu ya punda ndio unaingia vichochoroni mpaka dukani. Kila mkono ulioushika umelipwa, na wote wanalipwa halali. Dizeli ya lile lori na petroli ya ile boti ilipanda mno 2023, mwezi wa Julai VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta ilitoka asilimia 8 ikawa 16, na mchele wetu mwingi ni wa kuagiza, unalipiwa kwa dola, na dola mwanzo wa 2024 ilifika kama shilingi 160. Ukimwambia mwenye duka uza kwa bei ya Mombasa, atauza siku mbili halafu rafu tupu.

Tena hatubahatishi, tuliona. Julai 2022 karibu na uchaguzi unga wa sima wa kilo 2 ulishushwa kutoka kama 205 ukawa 100. Serikali iliwaahidi wasagaji kuwafidia na hata hivo mtaani kwetu tuliusikia zaidi kuliko kuuona. Ukifika duka limekwisha, na kilichopatikana kilikwenda kwa mwenye pesa ya kununua bando zima kwa mpigo, mjane wa kununua pakiti moja akakosa.

Na ile ya barazani ati kaunti ipitishe bei, jamaani, sheria ya kupanga bei za bidhaa muhimu ipo tangu 2011, Kibaki alitia saini, na mamlaka yake yako kwa waziri wa fedha Nairobi. Kaunti haina mkono hapo.

Lililoniuma zaidi jana ni jinsi hakuna aliyetaja daftari. Kusi ikivuma na mashua ndogo zimekaa ufuoni wiki nzima, nyumba ngapi hapa zinakula kwa daftari la duka? Benki haimkopeshi mvuvi kilo mbili za mchele. Mwenye duka anamkopesha, bila karatasi, bila riba, kwa kumjua babake. Faida yake ndogo ndiyo inayobeba deni hilo. Mkimbana bei, kitu cha kwanza kufungwa ni daftari, duka litabaki wazi kwa wenye taslimu.

Hapa nakubali upande wa pili wana hoja nzito, na sitaificha. Dola iliposhuka kutoka 160 mpaka kama 130 mwaka huohuo wa 2024, bei za vitu vya nje hazikushuka kwa kasi ile zilivyopanda. Kuna faida imekaa mahali. Ila mimi siamini imekaa kwa duka la kichochoroni, maduka ni mengi na ukizidisha mteja anavuka njia. Wa kuangaliwa ni wauzaji wa jumla, wao ni wachache na wanajuana, na mamlaka ya ushindani wa kibiashara kazi yake ndio hiyo, ije iangalie risiti.

Na sisi wenyewe, kwa nini maduka kumi ya mtaa mmoja kila moja linaagiza mifuko yake mitatu, kila moja linalipa nauli yake ya rejareja? Wajumuike wakodishe lori moja na boti moja. Harusi tunachangiana, mazishi tunachangiana, mzigo umetushinda nini?

Wenye maduka mnaosoma hapa nawaomba kitu kimoja, andikeni mlinunua mfuko wa sukari Mombasa kwa ngapi na ulipofika dukani ulikuwa umekula ngapi njiani. Na wewe uliyesema jana lifungwe, duka lipi unaanza nalo, na jina lako kwenye daftari lake limefika ukurasa wa ngapi?