MREJESHO: Binti mkimbizi asiye na vyeti vya shule

Wapendwa, narudi na mrejesho. Niliwauliza nifanyeje kuhusu binti mkimbizi wa miaka 12 tunayeishi naye, ambaye shule ilitaka aanze darasa la kwanza kwa kuwa vyeti vyake vilibaki walikokimbia.

Nilimsikiliza aliyesema niache kubishania vyeti, niombe apewe mtihani wa kumpima. Nilikwenda na Kifungu cha 22 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kinachotaka watoto wakimbizi wapate elimu ya msingi sawa na raia. Mwalimu mkuu alikisoma mara mbili, akakubali.

Hesabu alimaliza kabla ya muda. Kwenye kusoma alikwama, maana lugha ya kufundishia ni ngeni kwake. Alifuata mstari kwa kidole, midomo ikitetemeka. Iliniuma sana. Wamempa darasa la nne, ingawa kwao alishafika la sita. Si haba.

Masomo ya kasi, yale ya kufidia miaka iliyopotea, bado hajapata. Nafasi zimejaa, jina lake linasubiri.

Kilichosaidia kuliko vyote ni ule ushauri wa kumtafuta mtu mzima anayejua lugha zote mbili. Tumempata mama mmoja, mkimbizi pia, na kila jioni wanasoma pamoja nusu saa. Jana binti kanionyesha daftari: sentensi tano, kaandika mwenyewe bila kuuliza neno hata moja.

Asanteni sana, hasa wewe uliyenitajia kile kifungu. Akipata nafasi ya masomo ya kasi nitawajulisha.