Zakumi wa kitambaa, Zakumi wa plastiki au Misha wa mpira: yupi atadumu Mombasa?

Mtu_wa_Tudor
Nataka mwanasesere mmoja wa maskoti, yaani mnyama wa nembo ya mashindano, wa kuweka kabatini, si wa mtoto kuchezea. Nyumba iko karibu na maji, kiyoyozi hakuna. Nimeonyeshwa watatu: Zakumi wa kitambaa, yule chui wa Kombe la Dunia 2010, Zakumi wa plastiki kwenye kisanduku chake, na Misha wa mpira, yule dubu wa Olimpiki ya Moscow 1980. Bei hazijapishana sana. Nichukue yupi?

Fundi_Majengo
Wa kitambaa, ila kagua tumbo kwanza. Mbonyeze, mwachilie. Akijaa tena taratibu bila sauti, ndani ni pamba ya poliesta, na hiyo haiozi wala nondo haili. Ukisikia mchakacho, au unga ukadondoka mshononi, ndani mna sponji. Sponji kwa unyevu wetu huvunjika yenyewe hata mwanasesere asipoguswa. Dawa ni kufumua mshono wa mgongoni sentimita 6 hivi, kutoa sponji yote, kujaza poliesta mpya na kufunga kwa mshono wa kuficha. Atapona, lakini kwa wakusanyaji ashashuka thamani, kwa hivyo punguziwa kabla hujalipa.

Halafu mwangalie mwenyewe: chui wa manjano, nywele za kijani, fulana nyeupe, kaptura ya kijani. Lebo iwe imeshonewa ndani ya mshono, si kugandishwa kwa gundi. Ikiandikwa ametengenezwa China usishtuke, hata wale halali walitoka huko.

Bi_Kibokoni
Wa plastiki mimi nitampita. Plastiki laini ikikaa kwenye joto hutoa mafuta yaliyotiwa kuilainisha, mwanasesere anakuwa wa kunata na vumbi lote linamgandia. Kumfunga kwenye mfuko wa nailoni ndiko kumharibu zaidi, maana nailoni huendelea kuyanyonya yale mafuta. Akishanata, mfute kwa maji vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, mkaushe, mweke pahali penye hewa. Spiriti usiguse, inaondoa rangi.

Nahodha_Likoni
Dada, hapo umeweka plastiki zote kapu moja. Ngumu kabisa, ile ikigongwa inalia kavu, hainati hivyo. Bonyeza sikio kwa ukucha: alama ikibaki, ni laini, achana naye.

Misha naye asidharauliwe. Tazama mkanda wake: rangi tano, na bizimu ya dhahabu yenye zile pete za Olimpiki. Dhahabu ndiyo hutangulia kuchubuka, na aliyepakwa upya utamjua kwa brashi iliyovuka mpaka wa mkanda. Mpinde mguu kidogo. Mpira ukionyesha nyufa nyembamba kama nywele, umekauka na haurudi. Kama chini ana tundu la filimbi, usimtumbukize majini. Maji yanaingia, hayatoki, na ukungu unaota ndani usikoweza kufikia.

Mtu_wa_Tudor
Shukran sana. Basi nimeegemea wa kitambaa. Ukungu je?

Fundi_Majengo
Sanduku la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lita 20 hivi, na gramu 100 za silika jeli, vile vipunje vinavyonyonya unyevu, ndani ya kitambaa chepesi, isimguse. Nunua ile ya rangi ya chungwa: ikigeuka kijani imeshiba maji, irudishe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili. Jua la hapa halitoshi. Tia na kipima unyevu kidogo, kisome chini ya asilimia 60. Usimfungie humo akiwa na unyevu, utakuwa umeufuga ukungu mwenyewe.

Bi_Kibokoni
Na kama katoka mabunda ya mitumba ya soko la Kongowea, asiingie kabatini hivi hivi. Mfunge kwenye mifuko miwili, kamua hewa, mtie friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili, wadudu wafe. Ile friza ndogo ya juu ya friji ya zamani haifiki baridi hiyo. Ukimtoa, mwache ndani ya mifuko siku nzima, jasho liote nje ya nailoni badala ya kwenye manyoya. Ndipo umpige brashi laini, hasa kwapani na nyuma ya masikio, kwani mayai ya wadudu hujificha huko.

Nahodha_Likoni
Yule wa plastiki ukibadili nia umchukue, kisanduku kikunje ukihifadhi mbali naye. Hiyo karatasi ngumu mende wanaipenda sana.